Shajara ya machubwi: kusubu risasi nyuma ya mji, Lamu

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimekata shauri. Safari iliyopita nje ya Shela niliacha machubwi manne, yale mazito ya kuzamishia mshipi, kwenye mwamba, na la tano halikuwa hata chubwi, lilikuwa plagi kuukuu ya mashine ya boti, nayo ikaenda. Nilipoanza kufunga nati kwenye mshipi, ami alicheka hadi akakohoa. "Wewe wavua ama wafungua gereji?"

Basi. Kabla ya Ramadhani tuna safari ya kuvunja jungu upande wa Manda, tarehe 22, na nimeahidi mbele ya watu kwamba siku hiyo hapatafungwa nati wala plagi. Machubwi arobaini, saizi tatu: gramu 60, 120 na 200. Yote nitayasubu mwenyewe: kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu.

Kwa nini madini ya risasi? Kipande chake cha sentimita moja ya ujazo kina gramu 11.34. Cha chuma hakifiki 8. Chubwi la gramu 200 la risasi ni sentimita za ujazo 17.6 tu, na la chuma lenye uzito huohuo lingepita 25. Kitu kinene hubebwa na mkondo, chembamba hushuka. Anayevua kwa mshipi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, anajua tofauti hiyo mkononi kabla ya kuijua kwa hesabu.

Njia yenyewe nimejifunza kwa kutazama Wamarekani wanaosubu risasi za bunduki nyumbani kwao kujiburudisha, mtu na jungu lake ndani ya gereji siku nzima. Huku kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi za bunduki bila leseni, na mimi sina bunduki wala hamu nayo. Lakini jungu, upawa, kalibu na moto ni vilevile. Chao kinaruka, changu kinazama.

Tatizo la kwanza limekuwa la lugha. Mama watoto alinisikia kwenye simu nikisema, "Nataka risasi kilo kumi, ukipata zaidi niletee," akainuka akafunga dirisha.

Jioni ami amenitolea bildi ya babu, chubwi la kupimia kina cha maji. Ina urefu wa shibiri, nyembamba juu penye tundu la kamba, pana chini, na kitako chake kina kishimo kama kikombe cha kahawa. Kishimo hicho kilipakwa shahamu, bildi ikatupwa, nayo ikirudi juu ina mchanga, matope au vigae vya chaza, nahodha akajua yuko juu ya nini na maji ni pima ngapi. Nimeipima mezani: kilo moja na robo. Nilipoiangalia kwa muda mrefu kidogo, ami akaichukua. "Umbo lake nakupa," akasema. "Yeye mwenyewe haingii jikoni."

Jumanne, 4 Februari

Nimevuka kwenda Mokowe, upande wa bara. Lamu mjini hakuna magari ya kutosha kulisha shughuli hii (ningesubu kwato za punda), lakini Mokowe kuna mafundi wa magurudumu, na kila mmoja ana kopo la vile vipande vinavyopigwa kwenye ukingo wa ringi kusawazisha gurudumu. Vya zamani vingi ni risasi iliyochanganywa na antimoni kidogo, ndiyo maana ni vigumu kuliko risasi tupu. Vya kubandika kwa gundi huwa laini zaidi, karibu risasi tupu.

Siku hizi humo mna zinki na chuma pia. Nimekaa juu ya ndoo nikabana kimoja kimoja kwa koleo. Risasi inakubali meno ya koleo kama halua, zinki inakataa. Vingine vimepigwa muhuri wa herufi Zn, nimevitupa pembeni. Zinki ikiingia junguni, risasi haitiririki tena, inakuwa kama uji uliolala. Bahati nzuri ni kwamba risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 na zinki kwa 419, kwa hivyo ukiwa mpole wa moto, ile iliyokuponyoka inaelea nzimanzima unaiopoa.

Fundi mmoja alinipa betri mbili za gari, bure kabisa. Nimezikataa. Betri ina asidi, ina unga wa risasi unaopeperuka, na ina vitu vingine ambavyo jiko la uani haliviwezi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana: Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliuchafua mtaa mzima, damu za watoto zikapimwa zikakutwa na risasi, Phyllis Omido akasimama kidete, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sitaki mtaa wangu ujulikane kwa jambo kama hilo. Nimerudi na boti ya alasiri, gunia la kilo kumi na mbili na nusu kati ya miguu, abiria mwenzangu akiuliza mbona mfuko mdogo namna hii umenipinda mgongo.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya moto.

Sikufanya nyumbani. Nyumba zetu zimebanana, za jirani zina makuti, na kuna watoto. Nimekwenda nyuma ya mji, kwenye shamba la minazi la ami, mahali peupe. Kaskazi inavuma, nimeipa mgongo ili moshi uende mbele yangu. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu, glavu za fundi wa kuchomelea, miwani. Kandambili nimeziacha mlangoni, na kijana wa dada aliyekuja na zake nimemrudisha.

Jungu ni la chuma kizito. Sufuria zetu za jikoni ni alumini, na alumini ikifika joto hilo inalegea. Sikutaka kuona kitako kikitoka na kilo kumi za risasi iliyoyeyuka. Jungu hili, upawa wake na ndoo yake havitarudi jikoni maishani. Nimevipaka rangi nyekundu mpini ili asijekosea mtu.

Dakika ishirini za kwanza hakuna kitu. Halafu vipande vya chini vikaanza kujilaza, kimoja baada ya kingine, kama watu waliochoka ngomani. Vibanio vya chuma vikaelea juu na masizi, mpira na mafuta ya breki. Nikavichota. Kilichobaki kilikuwa na utando wa kijivu, na hapo ndipo penye siri: nikatupa kipande cha nta ya nyuki, kama tonge ya mtoto, nikakoroga kwa kijiti kikavu. Ikafuka moshi, ikashika moto, nikaendelea kukoroga na kukwangua pembeni. Nta inaipokonya kutu oksijeni yake, risasi iliyokuwa imegeuka majivu inarudi kuwa risasi. Ule utando ukajikusanya ukawa unga mweusi, na chini yake kikatokea kioo. Niliona minazi ndani ya jungu.

Unga ule mweusi, mavi ya risasi, ndio adui hasa. Watu huogopa moshi, lakini kwa moto wa kiasi risasi yenyewe haitoi mvuke wa kutisha. Vumbi ndilo linaloingia kwenye kucha, kwenye nguo, kwenye sigara ya mvutaji. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Mavi nimeyatia kwenye kopo lenye kifuniko bila kuyapuliza wala kuyafagia. Sikula wala kunywa chochote pale. Nguo zimefuliwa peke yake, na nimeoga kabla ya kumbeba mtu.

Joto nalipima kwa njiti ya ukuti. Ikitiwa ikatoka kahawia, sawa. Ikiwaka, nimezidisha makaa. Vipande vile laini niliviyeyusha mwisho, peke yao, na uso wao ulionyesha rangi nilipozidisha moto: dhahabu, halafu zambarau, halafu buluu kama shingo ya njiwa. Inapendeza sana, na maana yake ni punguza moto.

Nimemimina kwenye mikebe mikavu ya dagaa. Vitofali kumi na moja, kilo tisa na gramu mia nane. Iliyobaki ilikuwa vibanio, uchafu na zinki mbili zilizonipita.

Nilipokuwa napakia, mzee wa mtaa akafika, pole pole, na fimbo yake.

"Salamu alaikum."

"Alaikumu salamu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa wasubu risasi."

Nikasema ni kweli, halafu nikaona uso wake, nikakumbuka. Nikakimbilia mfuko nikatoa mshipi, ndoana na ile nati ya aibu. Akaushika mshipi, akaupima uzito wa kitofali kwa kiganja, akakaa chini ya mnazi. Aliondoka baada ya kuagiza machubwi sita ya gramu 120, na kwa wanaomuuliza atasema nasubu machubwi. Kuanzia leo nami nasema hivyohivyo.

Jumatano, 12 Februari

Mwezi mpevu, bamvua, na pwani ya Shela imejaa mifupa ya dome, yule jamaa wa ngisi, ile myeupe kama kiatu cha mtoto mnayowapa ndege wa nyumbani. Masonara wa tangu zamani husubu vito vidogo ndani yake. Nimeokota kumi na nne, nikaanika.

Unakata mfupa vipande viwili, unasugua pande za laini kwenye sakafu hadi zilale sawa, unaweka kielelezo katikati unakandamiza. Mfupa unajikunja kwa ndani kama biskuti iliyolowa na kushika umbo lote. Kielelezo changu ni kipande cha mti nilichochonga kwa kisu, mfano wa kokwa ya tende, sentimita za ujazo 5.3 kwa ajili ya gramu 60. Unachonga mlango wa kumiminia, unachora vijinjia vya hewa, unalaza kitanzi cha waya wa shaba, unafunga kwa waya.

Nilipomimina ilinuka nywele zilizoungua. Nikahesabu hadi thelathini, nikafungua. Chubwi lilitoka na mistari myembamba mwili mzima, mawimbi kwa mawimbi, alama ya matabaka ya mfupa, kama mchanga maji yanapotoka. Sijui kama nitapata moyo wa kulitupa baharini.

Kila kalibu ya mfupa inatoa mawili, kwa bahati matatu, kisha inaungua na kumong'onyoka. Leo nimepata kumi na tano. Kwa saizi ndogo njia hii inatosha. Kwa gramu 200 mfupa haufiki.

Jumamosi, 15 Februari

Siandiki mengi leo.

Nilitengeneza kalibu ya plasta kwa umbo la bildi, la gramu 200. Lamu hapakosekani mtu wa kukufundisha plasta, vidaka vya nyumba za mawe vimechongwa kwa chokaa na mikono ya watu hawa. Ilipendeza. Niliianika juani siku tatu, ikawa nyeupe, kavu, nyepesi, ukiigonga inalia.

Ikanidanganya. Nilimimina upawa wa kwanza na kalibu ikatapika. Kulisikika mlio kama mafuta yaliyoingia maji, halafu risasi ikaruka kutoka mlangoni, matone mengi kwa mara moja, mengine juu ya kichwa changu. Moja limetoboa mkono wa shati na kuacha alama ya ukubwa wa dengu kwenye kiwiko. Mawili yameganda kwenye miwani, mbele ya jicho la kulia. Nayaona sasa hivi, yamelala bapa kwenye kioo kama magamba ya samaki.

Maji yakigeuka mvuke hupanuka karibu mara 1,700. Na plasta haishiki maji ya kuanikwa peke yake: yapo yaliyofungwa ndani yake kabisa, yanayotoka tu yakipita joto la nyuzi mia na kitu. Jua la Februari, hata la Lamu, haliyafikii, na usiku hewa ya bahari inarudisha hata yale yaliyotoka. Niliyajua haya. Nilikuwa na haraka.

Mama watoto hakusema neno. Alichukua ile miwani akaiweka juu ya sahani, katikati ya meza, wakati wa chakula.

Jumatatu, 17 Februari

Plasta basi. Ingewezekana kuioka masaa mengi, lakini oveni ya watu wenye kula siitii kitu cha risasi, na ya kwangu sina.

Nimekwenda kwa fundi chuma na vipande viwili vya alumini nene, na vielelezo viwili vya mti: kokwa la gramu 120 na bildi ndogo ya 200. Atavichimba na kutia bawaba na mipini ya mti. Alumini haiyeyuki hadi nyuzi 660 na risasi haigandani nayo. Aliniuliza kwa nini sikuja mwanzo. Sikuwa na jibu zuri.

Jumatano, 19 Februari

Kalibu imefika, na leo nimeelewa kwa nini wale Wamarekani hukaa gerejini siku nzima.

Kumi za kwanza zote takataka. Zimekunjamana usoni kama zabibu, ncha hazikujaa, moja lina shimo ubavuni unaweza kupitisha njiti. Nikaongeza moto wa jungu, wapi. Jungu halikuwa na kosa, kosa lilikuwa la kalibu baridi, inaigandisha risasi kabla haijafika pembeni. Nikafanya mambo mawili. Kwanza nikaishika juu ya koroboi, ndani yote ikapata masizi mepesi ambayo hulainisha njia. Pili nikailaza ukingoni mwa jiko ipate joto, na yale mabovu nikayarudisha junguni moja moja, makavu, kwa koleo, bila kuyatupa kutoka juu.

La kumi na moja lilitoka ling'aavyo kama shilingi mpya.

Baada ya hapo kazi ina mdundo wake. Chota, mimina kwa mkono usiotetema, acha kilele kidogo juu ya mlango maana risasi ikipoa hunywea na huvuta kutoka hapo. Uso wa kilele unang'aa, unang'aa, halafu ghafla unafifia, kama jicho la samaki anayekata roho: imeganda. Hesabu kumi zaidi, fungua, gonga bawaba kwa kipande cha mti, chubwi linaangukia kwenye gunia. Funga. Chota. Ukikawia kalibu inapoa na makunyanzi yanarudi; ukiharakisha inapata moto kupita kiasi na machubwi yanatoka na ukungu mweupe, ya kuvulia yanafaa lakini ndiyo dalili ya kupumzika.

Sikuweka ndoo ya maji karibu. Wapo wanaopozea majini ili yawe magumu. Mimi nimeshaonana na maji.

Ishirini ya gramu 120 na kumi na mawili ya 200.

Ijumaa, 21 Februari

Baada ya swala nimeyapitia kwa tupa, vumbi likiangukia gazeti lililoloweshwa, na kuyapima kwenye mizani ya duka. Yaliyoandikwa 120 ni 117, yaliyoandikwa 200 ni 195 au 196. Fundi hana lawama. Antimoni ni nyepesi kuliko risasi, na hesabu yangu ilikuwa ya risasi tupu. Samaki hatapima. Mzee wa mtaa amechukua sita zake, akazipima yeye mwenyewe, akaniuliza zile gramu tatu ziko wapi.

Ami sasa ataka marisau, vidonge vidogo vya risasi vya kuzamishia kimia chake. Vidogo vile ni habari nyingine. Mwaka 1782 fundi mabomba wa Bristol, William Watts, alipata hataza ya kuidondosha risasi kupitia chujio kutoka juu sana, matone yakajiviringa yenyewe hewani na kutua majini yakiwa duara. Lamu hatuna mnara wa kazi hiyo, na wa msikiti hauombwi. Nimemwambia asubiri hadi baada ya Idi.

Kuna jambo linanikera nalo. Uingereza ilipiga marufuku machubwi madogo ya risasi mwaka 1987, yale ya kati ya gramu 0.06 na 28.35, kwa sababu mabata maji yalikuwa yakiyameza na kufa. Yangu ni makubwa kuliko hayo, lakini kila linalobaki mwambani linabaki huko. Kwa hiyo hesabu yangu ya kesho si samaki wangapi tu, ni machubwi mangapi yamerudi.

Jumamosi, 22 Februari

Maji mafu, kaskazi nyepesi asubuhi, watu saba ndani ya mashua, jungu la pilau na madafu. Chubwi la kokwa linashuka moja kwa moja bila kuzunguka, na mshipi haukujisokota hata mara moja. Changu wengi, tewa wawili, kolekole mmoja aliyetuvua sisi kwa dakika kumi. Yaliyobaki chini ni mawili: moja langu, moja la mtu aliyesema anajua mahali.

Saa tano tulihama, nikaanza kufunga la 200 kwa sababu sikuijua sehemu. Ami akanishika mkono. Alikuwa na bildi ya babu ndani ya kikapu, na mafuta ya mbuzi kwenye kijikaratasi. Akapaka kishimo kwa kidole gumba, akaiteremsha akihesabu pima kwa mikono iliyonyooshwa, akaivuta. Akaipindua kitako juu, akanionyesha: mchanga mweupe, na kijigamba cha konokono kidogo kama punje ya mtama.

"Hapana mwamba hapa," akasema. "Funga la sitini."

Nikafunga lile lenye mistari.